Mwalimu wa Motowei

Siku ya kwanza kufundishwa adabu za motowei nilikuwa nimevaa kandambili, nimesimama kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa pale Igogo, na mimi ndiye nilikuwa lori. Lori la matairi kumi na nane, tena lenye friji. Kulia kwangu alisimama fundi cherehani mmoja, yeye siku hiyo kapangiwa kuwa gari dogo la familia inayokwenda likizo. Nyuma yetu alikuwepo karani wa duka la nyavu, naye kapewa kuwa basi. Mwalimu alikuwa amechora chini mistari ya chokaa, njia tatu za kwenda na tatu za kurudi, akatuamuru tuanze kutembea. Akina mama walioanika dagaa ng'ambo ya uwanja waliacha kazi wakakaa chini kabisa ili wacheke vizuri. Na mimi hapo, mama wa watoto wawili, muuza dawa wa duka linaloheshimika, naenda kilomita tisini kwa saa huku nafumba na kufumbua kiganja cha kushoto, eti indiketa.

Mwalimu alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, waulize watu wa Bukoba wenzake, watakusimulia hata kama hukuuliza. Nami ni wa huko huko, kwa hiyo nasema ninachokijua. Sisi wa Igogo tulichojua ni kwamba aliendesha malori ya mikate Uingereza kwa miaka ishirini na ushee, akarudi na mke wake, gari moja la bluu, na mdomo. Jina lake hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mwalimu tu, ingawa hakuwa na shule ya udereva, hakuwa na cheti cha kufundishia, wala hakutoza mtu senti. Gari ukajifunzie kwingine, alituambia, hapa unajifunza adabu. Adabu zenyewe ni za motowei, barabara ya kasi isiyo na njia panda, isiyo na punda wala mama wa nyanya pembeni. Nchi nzima hatukuwa nayo, na Mwanza hatukuwa nayo hata ya kusingiziwa, lakini hilo halikumzuia.

Gari la bluu lilikuwa limelala uani kwake chini ya turubai kwa miaka kumi na moja. Na hilo turubai ndilo lililokuwa linawatesa watu wawili, mke wake na mama mkwe wake. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, ni mtu wa kijiji kimoja upande wa Sengerema, na huko alikuwa na mama yake mzazi, bibi wa miaka isiyohesabika. Kila mwezi bibi alituma ujumbe ule ule: mwambieni mkwe wangu aje nimwone kabla sijafa. Kila Jumamosi ya pili Mama alibeba kikapu chake, akapanda kosta, akavuka na kivuko, akaenda peke yake. Mwalimu alimsindikiza mpaka getini. Ukimuuliza kwa nini asimpeleke, na gari lipo, na afya anayo, alikujibu kwamba atakwenda siku nchi hii itakapopata barabara.

Sasa mjue mtu mwenyewe. Somo lake kubwa lilikuwa sekunde mbili. Gari la mbele likipita kitu chochote, mti, nguzo, mbuzi, wewe uhesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, ndipo ukipite. Ukifika kabla hujamaliza kuhesabu, umemkaribia mno mwenzako. Huko Ulaya inawezekana ni hekima kubwa. Mimi nilipopata kigari changu na leseni yangu nikaijaribu kwenye barabara ya Nyegezi, na nafasi yangu ya sekunde mbili ikaingiwa na bajaji tatu, bodaboda mmoja mwenye godoro, na mtu anasukuma mkokoteni wa miwa. Kila nilipoachia nafasi nyingine, ikajazwa. Kama ningetii kikamilifu ningerudi kinyumenyume mpaka nyumbani. Mwalimu, kiti cha kushoto, akaniambia kwa upole kabisa kwamba nimefanya vizuri, waliokosea ni wengine wote.

Kanisani aliacha sekunde mbili kwenye foleni ya kukomunika. Mzee wa kanisa alikuwa anamsukuma taratibu kwa kiwiko, asogee, na yeye anahesabu.

Halafu kulikuwa na suala la kuonyesha. Alishikilia kwamba mwenye adabu haonyeshi anapopinda, anaonyesha kabla hajapinda, mapema, ili wa nyuma apate kujipanga. Likamwingia hilo kwenye damu. Alikuwa akitembea kwa miguu kuelekea sokoni na anataka kukata kona ya kulia, ananyoosha mkono wa kulia mita ishirini kabla. Bodaboda wote wa kijiwe kile walimjua na bado walikuwa wanasimama. Ungewaona wanne wanamzunguka kwa pamoja, twende mzee, wapi mzee, na yeye amenyoosha mkono bado, anawaeleza kwamba hahitaji usafiri, anawaarifu tu. Aliwaarifu kila siku. Walichojifunza ni kumpungia.

Shukrani nayo ilikuwa na lugha yake. Huko kwenye motowei, alisema, lori likishamaliza kukupita, dereva wake haoni vizuri mkia wake uko wapi, kwa hiyo wewe unampigia fulu, taa kubwa, mara moja kumwambia rudi kushoto, nafasi ipo. Naye akisharudi anakuwashia indiketa kushoto, kulia, kushoto. Hiyo ni asante. Watu wawili hawajuani, hawataonana tena maishani, wanashukuriana gizani kwenye mvua kwa taa. Alipokuwa anaeleza hili sauti ilimbadilika, na nakiri nilikuwa napenda kumsikiliza hapo. Basi nami siku moja nikampigia fulu mwenye pikapu aliyekuwa anatoka kwenye kituo cha mafuta, aingie barabarani mbele yangu. Kumbe kwetu fulu maana yake trafiki wako mbele. Yule bwana alifunga mkanda, akawashusha abiria wote waliokuwa nyuma kwenye mizigo, akageuza pikapu akarudi alikotoka. Abiria wakabaki wananiangalia mimi. Mwalimu akasema hiyo si asante.

Mpeleke harusini sasa. Kwenye motowei yake dhambi kubwa kuliko ulevi ilikuwa kukaa njia ya kati bila sababu. Njia ya kushoto ndiyo ya kukaa, alisema, nyingine ni za kupitia tu: pita, rudi kushoto, waachie wenzako. Kwenye harusi ya binti wa jirani yetu alimkuta shemeji wa bwana harusi amesimama katikati ya meza ya chakula, mbele ya sinia la sato, anachagua kichwa. Foleni nyuma imefika mlangoni. Mwalimu akamgusa bega akamwambia, bwana, hii ni njia ya kupitia. Ilichukua wazee wanne kusuluhisha jambo lile, na kichwa cha sato kikaliwa na mtu mwingine kabisa.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alihubiri kwamba honi ni kwa ajili ya hatari tu, si ya salamu, si ya hasira, si ya kumwita mtu dirishani. Nyumbani alimwita mke wake kwa mluzi. Siku moja nimekaa nao tunakula ndizi na maharage, akapiga mluzi apewe chumvi, na Mama akamjibu bila kuinua kichwa kwamba hiyo ni honi, na kuna hatari gani mezani. Alifundisha uvumilivu na hakuweza kungojea chai ipoe. Alisema dereva mzuri hatukani, na taarifa ya habari ilipoanza redioni alitukana kuanzia bomba la maji mpaka timu ya taifa. Nyani haoni kundule, ndivyo nilivyomsema mimi kwa shoga zangu, tena kwa sauti.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha wala hakuruhusu lifanyiwe. Anayesafiri nchi hii analijua. Ukiwa nyuma ya lori refu huoni mbele, na dereva wa lori kwa wema wake anakusaidia. Akiona mbele kweupe anawasha indiketa ya kushoto, maana yake pita. Akiona gari linakuja anawasha ya kulia, maana yake tulia nyuma yangu. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo, na hata tingo wa siku ya kwanza anajua. Watu wangapi wamefika nyumbani salama kwa taa hiyo, Mungu ndiye anayejua. Mwalimu aliichukia. Alipoizungumzia alikuwa anaweka ndoo ya chokaa chini ili mikono yake iwe huru. Indiketa ni yangu, alisema, inasema ninakokwenda mimi, haikupi wewe ruhusa ya kitu chochote. Mwanafunzi aliyeielewa kienyeji alitolewa njiani akasimama nje ya mstari, kwenye njia ya magari mabovu, mpaka somo liishe.

Siku moja fundi cherehani ndiye aliyekuwa mbele. Akafumba na kufumbua kiganja cha kushoto, anataka kutoka kwenye motowei ya chokaa. Karani wa nyavu, ambaye alikuwa basi kama kawaida yake, akaona kushoto, akampita kwa kulia mbio mbio kama alivyozoea kuona tangu utoto. Mwalimu alipiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele vile. Alimfuata karani akamshika mkono, akamwambia aende nyumbani asirudi tena.

Mimi nikaona amezidi. Mtu mzima na ajira yake anafukuzwa kwenye uwanja wa kanisa kwa kosa la kutembea. Nikasema, na nilisema kwa nguvu ili akina mama wa dagaa nao wafaidi:

"Mwalimu, na wewe utaendesha lini tukuone? Maana tunafundishwa kuogelea na mtu ambaye hatujawahi kumwona amelowa."

Walicheka wote, hata karani. Mwalimu aliokota ndoo, akaokota brashi ya chokaa, akaondoka. Alipofika pembeni ya kanisa alikata kona ya kushoto bila kunyoosha mkono.

Jumatatu yake Mama alikuja dukani kununua vidonge vya presha vya mama yake. Alilipia, akavitia kwenye mkoba, halafu hakuondoka. Alingoja wateja wawili waishe. Kisha akanieleza jambo ambalo, alisema, kwa miaka kumi na moja hakumweleza mtu pale Igogo, na hanielezi ili nimhurumie mumewe, ananieleza ili nifunge mdomo.

Walikuwa hawajamaliza wiki mbili tangu warudi nchini. Mwalimu alikuwa anampeleka kwao, ukweni, na gari la bluu likiwa jipya na linang'aa. Walivuka na kivuko vizuri. Karibu na njia ya vumbi inayoingia kijijini, upande wa kushoto wa lami, mita mia tatu kabla, aliwasha indiketa ya kushoto, kama alivyowasha kila siku ya maisha yake huko nje. Nyuma yake ilikuwepo haisi ya abiria. Dereva wa haisi akaona gari la mbele linamwambia pita. Akapita. Mbele kulikuwa na mtu anakuja na pikipiki, amefunga madumu ya maziwa pande mbili. Mama alisema maziwa yalienea barabarani mpaka yakafika kwenye matairi yao.

Muuza maziwa alikuwa mtu wa kijiji kile kile, jirani wa mama yake, mlango kwa mlango. Polisi walikuja, wakapima, wakaandika, wakamwambia Mwalimu hana kosa lolote, ameonyesha mapema kama sheria inavyotaka. Aligeuza gari palepale akarudi Mwanza, na jioni ile akalifunika turubai.

"Wangemwambia ana kosa, angepona," Mama alisema. "Wamemwambia yuko sahihi. Sasa atamtazamaje mjane wa yule muuza maziwa usoni? Na yule mjane ndiye anayemchotea mama yangu maji kila asubuhi."

Nilimrudishia chenji aliyokuwa ameisahau, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kumbe ile hotuba yote ya indiketa, miaka yote ile, alikuwa anabishana na dereva wa haisi. Nilikwenda kumwomba radhi jioni. Shikamoo Mwalimu, marahaba binti, na kabla sijafungua kinywa akaanza kunieleza namna ya kuingia motowei kutoka barabara ya pembeni bila kumlazimisha mtu kupunguza mwendo. Nikamsikiliza hadi mwisho. Ndiyo ilikuwa radhi yangu, na nadhani aliipokea.

Ndipo daraja likafunguliwa. Lile la kutoka Kigongo kwenda Busisi, ambalo tuliliona likijengwa miaka nenda rudi mpaka tukalichukulia kama sehemu ya ziwa. Njia mbili za kwenda, mbili za kurudi, katikati zimetenganishwa, na pembeni kuna nafasi ya gari lililoharibika. Kilomita tatu za motowei, jamani, juu ya maji, tena zimewekwa njiani kabisa kuelekea kwa mama mkwe. Mwanza nzima ilikwenda kupiga picha. Mwalimu alibaki nyumbani anasoma gazeti la juzi. Mama aliweka chai mbele yake akamwambia barabara ndiyo hiyo, imepatikana. Akasema bado watu hawajaizoea, wacha waizoee kwanza. Wiki zikapita, watu wakaizoea, mpaka wakaanza kuilalamikia, na turubai liko palepale.

Kisha ujumbe wa kijijini ukabadilika. Bibi hakusema tena aje nimwone. Ujumbe ulikuja kwamba ameacha ugali, anakunywa uji tu, na uji wenyewe hamalizi kikombe. Mama hakumpigia Mwalimu kelele. Alimwambia tu kwamba mkwe ndiye anayebeba jeneza la mama mkwe, na kama hakumfikia akiwa hai, siku hiyo nayo asihangaike kuja.

Jumamosi iliyofuata, saa moja asubuhi, Mwalimu alisimama mlangoni kwangu amevaa koti na kofia, funguo mkononi. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri ukutani kwake, fundi alikwishabadilisha betri na matairi, na mimi mzima na mdomo wangu sikuwa na habari. Aliniomba nikae kiti cha kushoto nimwangalizie kioo cha upande ule. Macho yake yalikuwa mazima, tunajua wote. Alichotaka ni mtu. Mama alikaa nyuma, kikapu magotini.

Niseme ukweli wangu: nimepanda magari ya watu wengi na sijawahi kuendeshwa vile. Aliachia sekunde mbili, zikajazwa, akaachia nyingine. Alipita Nyegezi katikati ya vurugu la mabasi yanayotoka stendi, na hakupiga honi hata moja. Tulipopanda daraja alikaa kushoto. Mbele yetu lilikuwepo lori la mafuta linajikokota. Akatazama kioo, akaonyesha kulia, akangoja, akahamia kulia, akalipita, akatazama tena, akaonyesha kushoto, akarudi. Ziwa huku na huku, asubuhi safi, na mzee anatabasamu peke yake. Nyuma nikamsikia Mama anasema polepole kwamba ni kama zamani. Nikageukia dirishani maana sikutaka waone ninafuta macho. Mimi, mtu wa kejeli.

Daraja likaisha. Baada ya Busisi barabara ikawa ile ile yetu, njia moja kwenda na moja kurudi, na mikono ya Mwalimu kwenye usukani ikabadilika rangi. Njia ya vumbi ya kijijini ilipokaribia, kulikuwa na basi dogo nyuma yetu. Mkono wake ulikwenda kwenye indiketa ukasimama pale. Akaipita njia. Tukaenda mbele kilomita nzima, akageuza kwenye kituo cha mafuta, tukarudi. Sasa njia ikawa upande wa kulia, nyuma hakuna mtu, mbele hakuna mtu, ng'ombe mwenyewe angeweza kukata kona pale.

"Si ndiyo hapo," Mama alisema. "Kata tu."

"Siku ile ilikuwa kushoto," alijibu, akaipita tena, akaenda kugeuza mbali kule karibu na Busisi.

Tukaijia mara ya tatu, kutoka upande ule ule wa siku ile. Nyuma yetu sasa lilikuwepo lori la magunia ya mpunga, limetukaribia kwa haraka za Jumamosi, na mbele kwa mbali naona basi linakuja. Kwenye kioo changu nilimwona dereva wa lori ameegemea kulia anachungulia nafasi ya kupita. Mwalimu akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, mia moja na moja, mia moja na mbili. Halafu akawasha indiketa ya kulia.

Tulikuwa tunakwenda kushoto na yeye kawasha kulia. Mwanafunzi wake akifanya hivyo angesimama nje ya mstari mpaka Krismasi. Kwenye kioo nikaona lori linarudi nyuma yetu, linapunguza, linatulia. Mwalimu akapunguza naye, polepole sana, akaiacha kulia ikiwaka mpaka basi la mbele likatupita lote. Tulipofika mdomoni kabisa mwa njia ndipo akaigeuza kushoto, mara mbili tatu, akakata kona. Lori likapita nyuma yetu kwa mwendo wa kawaida. Dereva wake alitupungia, kwake ni jambo la kila siku.

Mwalimu alizima injini kwenye vumbi.

"Ningewasha ya kulia siku ile," alisema, "yule bwana angekuwa anauza maziwa mpaka leo."

Nilitaka kumwambia si kosa lake, hakujua, polisi walisema. Maneno yote hayo alikuwa nayo mwenyewe kwa miaka kumi na moja. Mama alinyoosha mkono kutoka nyuma akalishika bega lake. Hakumwambia kwamba hana kosa. Alimwambia mama anangoja. Mwalimu akawasha gari.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya pili, ya bati, na uani alikuwepo mwanamke anamimina maji kutoka kwenye ndoo kwenda kwenye pipa. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Alikuwa rika langu, labda ananizidi miaka miwili mitatu. Alilitazama gari la bluu likiingia, akaiweka ndoo chini, na hakusogea.

Mwalimu alishuka. Nilikuwa nangojea maelezo, maana sijawahi kumwona mtu huyu akifika mahali bila maelezo. Alitembea mpaka mbele ya yule mjane, akavua kofia, na mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye mtaani kwetu vijana walikuwa wanavuka barabara kuja kumpa heshima yake, akainamisha kichwa akasema:

"Shikamoo."

Yule mjane hakujibu marahaba, nani angeweza? Alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole, na kwa muda mrefu nilidhani ataondoka. Kisha akachukua kigoda kilichokuwa karibu na pipa, akakipangusa, akakiweka mbele ya Mwalimu.

Ndani ya nyumba, kwa sauti ya mtu anayekunywa uji tu, bibi aliuliza ni nani amekuja na gari. Mama alikuwa amesimama na kikapu chake. Mjane ndiye aliyejibu.

"Ni mkwe wako, bibi," alisema. "Amefika."